Nani Aliyeufuma Mdoli Huu?

Mpaka leo hakuna mashine ya kiwandani inayofuma kroshia. Zipo mashine za kufuma masweta, zipo za kudarizi, zipo za kutoa lesi yadi kwa yadi, na viwanda vingine hutoa kitambaa ambacho kwa mbali ungekiita kroshia. Ukikisogeza karibu na macho unaona uzi wake umepita njia nyingine kabisa. Kroshia yenyewe inamtaka mtu. Ashike sindano yenye ndoana, achague kitanzi, achome, avute uzi, apitishe, aende kitanzi kinachofuata. Kwa hiyo kila tembo, sungura au dubu mdogo wa kroshia uliyewahi kumwona, awe dukani Tokyo au juu ya meza ya muuza vitambaa Kariakoo, ametoka mikononi mwa mtu. Mtu huyo ana jina. Hapa nataka kusimulia midoli hiyo ilikotoka, na jinsi katika miaka 200 majina ya wanaoifuma yalivyoandikwa mara chache mno.

Wengi huidhani kroshia kuwa kazi ya kale. Sivyo. Ususi wa ukili, nyavu na kitambaa cha mtande na mshindio vina maelfu ya miaka. Kroshia ni ya juzi tu. Mtafiti wa Denmark, Lis Paludan, aliisaka asili yake Ulaya na hakupata ushahidi wa kuaminika kwamba ilikuwepo huko kabla ya mwaka 1800. Kilichoitangulia ni aina ya udarizi uliotoka Mashariki, na hapo hutajwa India, Uajemi na Uturuki, ukashika mizizi Ufaransa katika karne ya 18. Kitambaa kilikazwa kwenye fremu ya duara kama ngoma, kisha sindano nyembamba yenye ndoana ikachomwa kutoka juu, ikadaka uzi ulioshikwa chini, ikauvuta ukatokea juu kama kitanzi. Kitanzi cha pili kilipita ndani ya cha kwanza, cha tatu ndani ya cha pili, na mnyororo ukatambaa juu ya kitambaa. Mwaka 1770 Charles Germain de Saint-Aubin, mchora nakshi za darizi wa mfalme Louis wa 15, aliieleza kazi hiyo katika kitabu chake juu ya ufundi wa mdarizi.

Kisha mtu akakiacha kitambaa. Aliona kwamba mnyororo unaweza kusimama wenyewe hewani, kitanzi kikashikwa na kitanzi mwenzake, bila fremu wala kitambaa cha kuushikilia. Nauhesabu uamuzi huo kuwa miongoni mwa mambo ya busara kuu yaliyowahi kufanywa kwa uzi, na aliyeufanya hakuandikwa popote.

Maelekezo ya kwanza ya kroshia yanayojulikana kuchapishwa yalitokea Uholanzi mwaka 1823, katika jarida la wanawake lililoitwa Penélopé. Ukurasa wake wa rangi ulionyesha mikoba midogo ya fedha ya mitindo 5, na 3 kati yake ilikuwa ya kufumwa kwa kroshia na uzi wa hariri. Hiyo ilikuwa kazi ya mabibi wenye nafasi: hariri, meza safi, mwanga wa dirishani, na alasiri isiyo na haraka.

Aliyeitoa kroshia huko na kuifikisha kwa watu wengi alikuwa msichana wa Uingereza, Eléonore Riego de la Branchardière, mama yake Muirishi na baba yake wa ukoo wa kikabaila wa Ufaransa. Alichapa kitabu chake cha kwanza akiwa bado hajatimiza miaka 20, akaendelea mpaka akapita vitabu 70. Akachukua lesi za bei mbaya za Hispania na Venice, ambazo zilishonwa kwa sindano ya kawaida kwa majuma na miezi, akatafuta namna ya kuziiga kwa kroshia kwa sehemu ndogo ya muda huo. Katika Maonyesho Makubwa ya London ya mwaka 1851 alitunukiwa medali. Jina lake limebaki kwa sababu alichapa vitabu.

Wakati yeye akichapa, Ireland ilikuwa inakufa njaa. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia kwenye viazi, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha kila siku cha familia maskini, asubuhi na jioni. Shamba lililolala kijani kibichi lilioza na kunuka kwa siku chache. Mpaka kufikia 1852 watu wapatao milioni 1 walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi yaliyoambatana nayo, na zaidi ya milioni 1 walikuwa wamepanda meli kuhama, huku shehena za nafaka na mifugo zikiendelea kutoka bandari zilezile kwenda Uingereza. Sensa ya 1841 ilihesabu watu karibu milioni 8.2, ya 1851 ilihesabu kidogo zaidi ya milioni 6.5.

Katika balaa hilo kroshia iligeuka kuwa chakula. Masista wa Ursuline wa Blackrock, mjini Cork, waliwafundisha wasichana. Susannah Meredith alifungua shule ya kazi hiyo mjini humohumo. Kaskazini, katika mji wa Clones, Cassandra Hand, mke wa mchungaji wa Kianglikana aliyehamia huko mwaka 1847, aliona watu wanavyoangamia akaomba mwalimu wa kroshia aletwe kutoka Kildare. Kwa nini kroshia na si lesi nyingine? Kwa sababu vifaa vyake ni karibu bure. Lesi ya Ubelgiji ilitaka mto maalumu, pini nyingi na vijiti vya uzi kwa makumi. Kroshia ilitaka uzi wa pamba na sindano moja, na asiyekuwa na sindano ya kroshia alichukua sindano nene ya kushonea, akalikata tundu lake nusu likabaki ndoana, akaipachika kwenye kipande cha mti. Tena kazi ikichafuka kwa moshi wa chumba kimoja wanamolala watu wanane, inafuliwa inarudi nyeupe.

Kugawana kwao kazi ndiko kunakonivutia zaidi. Mwanamke mmoja hakufuma kola nzima. Huyu alifuma waridi, yule jani la shamroki, mwingine kichala cha zabibu, na kila familia ililinda ua lake isiibiwe na jirani. Chini ya mishono walilaza uzi mnene ili ua linyanyuke. Siku ya soko maua yalikusanywa, mafundi wengine wakayaunganisha kwa wavu wa vitanzi uliotiwa vifundo vidogo, na kola iliyokamilika ikaenda Dublin, London na Paris kukaa kwenye shingo za matajiri. Fedha za kola hizo zilinunua unga, zililipa kodi ya ardhi, zilinunua tiketi ya meli ya kwenda Marekani. Na waliokwenda Marekani walikwenda na sindano zao.

Clones leo pana kituo chenye jina la Cassandra Hand. Alistahili, na simnyimi heshima hiyo. Lakini hao waliofuma maua usiku kwa mwanga wa moto wa mboji, watoto wamelala na njaa pembeni, majina yao hayakushonwa kwenye kola hata moja. Kazi imehifadhiwa kwenye makumbusho, chini yake kibao kinasema kroshia ya Ireland, karne ya 19, basi.

Mfumaji mmoja wa karne hiyo jina lake liliwekwa kwenye kazi yake, naye ni Malkia Victoria. Alijifunza kroshia, na uzeeni, wakati wa vita vya Uingereza na Makaburu huko Afrika Kusini, alifuma mitandio 8 ya sufu ikatolewa mwaka 1900 kwa askari waliochaguliwa kwa ushujaa. Kila mtandio ulidariziwa herufi za cheo chake, VRI. Mmoja uko Canberra, mwingine Ottawa, katika makumbusho ya vita, na kumbukumbu zake zimetunzwa vizuri kabisa. Mishono yake ilikuwa mishono ileile ya wanawake wa Clones.

Sasa tuingie kwa wanyama wenyewe, na hapa inabidi tuiache kroshia kidogo, maana mnyama wa kwanza wa kujazwa aliyeishinda dunia alishonwa kwa kitambaa. Mwaka 1847, mwaka uleule Cassandra Hand alipofika Clones, alizaliwa Margarete Steiff katika mji wa Giengen, Ujerumani. Polio ilimpata akiwa na mwaka mmoja na nusu, miguu ikapooza na mkono wa kulia ukabaki dhaifu na wenye maumivu. Alijifunza cherehani, na kwa kuwa mkono wa kulia haukuweza kuzungusha gurudumu, aliigeuza cherehani yake upande wa pili. Mwezi Desemba 1879 aliona katika jarida la mitindo ramani ya tembo mdogo. Akamshona kwa kitambaa cha manyoya yaliyoshindiliwa, akamjaza, akamtoa kama kitu cha kuchomekea pini. Watoto wakawanyang'anya mama zao. Kufikia 1886 alikuwa ameuza tembo zaidi ya 5,000.

Mwaka 1902 mpwa wake Richard alibuni dubu mwenye viungo vinavyozunguka, na katika maonyesho ya biashara ya Leipzig ya 1903 mnunuzi kutoka Marekani akaagiza 3,000 kwa mpigo. Mwaka 1904 kampuni ilianza kubana kifungo cha chuma kwenye sikio la kila mnyama ili wanaoiga wajulikane. Mwaka 1907 kiwanda kilitoa dubu karibu milioni 1. Wakati huo mamia ya wanawake walikuwa wakishona kiwandani na wengine wengi majumbani mwao. Kifungo kilisema Steiff.

Upande wa pili wa bahari, dubu alipata jina la mtu ambaye hakushona hata uzi. Tarehe 14 Novemba 1902, Rais Theodore Roosevelt alikuwa akiwinda Mississippi. Kiongozi wa msako alikuwa Holt Collier, Mwamerika mweusi aliyezaliwa utumwani na mwindaji wa dubu aliyesifika kuliko wote upande ule. Collier alimkaba dubu aliyekuwa akipigana na mbwa, akamfunga kwenye mti kwa kamba amngojee Rais. Roosevelt alipofika alikataa kumpiga risasi mnyama aliyefungwa, akaamuru amalizwe ili asiendelee kuteseka. Siku mbili baadaye mchora katuni Clifford Berryman alilichora tukio hilo kwenye Washington Post. Huko Brooklyn, Morris na Rose Michtom, wahamiaji wa Kiyahudi wenye duka la peremende, waliiona katuni. Rose akashona dubu wa kitambaa, wakamweka dirishani na kumwita kwa jina la utani la Rais, Teddy. Rose alishona, Collier alimkamata dubu, na mdoli ukapewa jina la Roosevelt. Hifadhi ya wanyama yenye jina la Holt Collier ilipatikana Mississippi mwaka 2004, zaidi ya karne moja baada ya siku ile ya kamba na mti.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna ukurasa wetu katika habari za dubu huyo, na hausimuliwi sana. Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kutoka madarakani, Roosevelt mwenyewe alishuka Mombasa na mwanawe Kermit, akapanda reli ya Uganda. Alikuja kukusanya vielelezo vya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, na safari ile, iliyoishia Khartoum Machi 1910, ilibebwa na mamia ya wapagazi. Baba na mwana waliua wanyama 512, wakiwemo simba 17, tembo 11 na vifaru 20. Ndiye huyo mtu ambaye watoto wa Marekani na Ulaya wakati huohuo walikuwa wakilala wamemkumbatia dubu wake laini. Sisemi hivyo kumhukumu kwa mizani ya leo. Nasema kwa sababu mnyama wa kuchezea na mnyama wa porini walipata kuwa na mtu mmoja katikati yao, na mtu huyo alipita hapa kwetu, Mombasa, Nairobi, Naivasha.

Tembo wa Steiff na dubu wa Brooklyn walimfundisha mtoto wa mji kutamani mnyama laini wa kulala naye. Asiye na uwezo wa kununua alifumiwa nyumbani. Vitabu vya kazi za mikono vya karne ya 19 vilikuwa tayari na mipira ya kroshia na nguo za wanasesere, wanyama wakafuata. Vita Kuu ya Pili ilipofunga viwanda vya midoli au kuvigeuza vya kutengenezea zana za vita, akina mama wa Uingereza walifumua masweta yaliyochakaa, wakafua uzi, wakaunyoosha, wakafuma upya sungura na bata wa kuwapa watoto Krismasi.

Lakini waliomfikisha mnyama wa kroshia kwenye ukamilifu wake ni Wajapani. Ufumaji wa Kizungu uliingia shule za wasichana za Japani katika enzi ya Meiji, iliyoanza 1868, ukakutana na taifa lenye mapenzi makubwa na vitu vidogo vilivyofanywa kwa uangalifu. Baada ya vita, na hasa kuanzia miaka ya 1970 wakati michoro ya viumbe vidogo vya kupendeza ilipotapakaa nchini humo, paka wa Hello Kitty akiwemo, aliyebuniwa na Yuko Shimizu wa kampuni ya Sanrio mwaka 1974, wafumaji walianza kuwapa wanyama wao umbo hilo: kichwa kikubwa, kiwiliwili kidogo, macho yaliyoachana na kukaa chini kidogo usoni. Midoli hiyo inaitwa amigurumi, na wafumaji wa dunia nzima sasa wanaiita hivyohivyo. Wajapani waliongeza pia jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko urembo. Maelekezo yao hayakuandikwa kwa sentensi tu, yalichorwa kwa alama, kila mshono na alama yake, na alama hizo zikawekewa kiwango cha kitaifa. Mfumaji wa Mwanza asiyejua hata neno moja la Kijapani anaweza kuuweka mchoro huo mezani na kuufuata mpaka mwisho.

Tumtazame tembo mmoja akizaliwa. Mfumaji anazungusha uzi kwenye kidole na kufanya kitanzi kinachoweza kukazwa, kisha anafuma ndani yake mishono 6 mifupi na kuvuta mkia wa uzi, tundu linazibika. Mzunguko wa pili anaweka mishono 2 juu ya kila mmoja, inakuwa 12. Wa tatu 18, wa nne 24, wa tano 30, wa sita 36. Kwa nini 6 kila mara? Mshono mfupi wa kroshia una kimo na upana unaokaribiana. Duara linapopanuka kwa kimo cha mshono mmoja, mzingo wake unaongezeka kwa mara 6.28 ya kimo hicho, kwa hesabu ileile ya pai tuliyofundishwa darasani. Sita inakaribia vya kutosha, na uzi unavutika kufidia kilichobaki. Wanawake waliogundua hesabu hiyo kwa vidole hawakuwa na haja ya kuambiwa pai ni nini.

Akiacha kuongeza, ukuta unaanza kusimama. Anafuma mizunguko 6 mingine ya mishono 36 bila kuzidisha wala kupunguza, kisha anaanza kuunganisha mishono miwili kuwa mmoja: 30, 24. Hapo anasimama na kujaza. Kwetu sufi ya msufi ndiyo iliyojaza mito ya bibi zetu, lakini sufi ikilowa hugandamana, kwa hiyo mdoli wa mtoto hujazwa nyuzi za poliesta zinazostahimili kufuliwa. Kisha 18, 12, 6, na tundu linafungwa. Hicho ni kichwa, mishono 432, na bado mkonga, masikio mawili, kiwiliwili, miguu minne na mkia. Sindano anayotumia ni nyembamba kuliko uzi unavyodai, makusudi, ili mishono ibanane na vilivyojazwa ndani visichungulie. Vidole vinauma. Mwisho kila kiungo kinashonwa mahali pake, na hapa ndipo tembo anapopata au kukosa uhai: mkonga ukikaa nusu sentimita juu zaidi, anakuwa kiumbe mwingine. Macho ya plastiki hubanwa kwa ndani. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu hudariziwa kwa uzi, asije akayang'oa na kuyameza.

Na mfumaji akizidisha mishono kupita ile 6, duara linakataa kulala. Linajikunja na kufanya mawimbi kama jani la kabichi. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alitumia mkunjo huo kuwapa wanafunzi kitu cha kushika mkononi cha aina ya jometri ambayo wanahisabati walikuwa wameijadili tangu karne ya 19: uso ambao mistari mingi hupita kwenye nukta moja bila kukutana na mstari fulani. Vielelezo vya karatasi vilikuwa vinachanika. Cha kroshia hakikuchanika. Miaka michache baadaye, dada wawili wa Australia, Margaret na Christine Wertheim, walichukua umbo hilohilo wakaanza kufuma mwamba wa matumbawe mwaka 2005 kuonya juu ya bahari inayopata joto, na maelfu ya watu katika nchi nyingi wameongeza vipande vyao. Katika maonyesho yao wafumaji hutajwa kwa majina, orodha ndefu ukutani. Hilo nalipongeza kwa moyo wote.

Mwaka 2013 kroshia iliingia hospitali. Kundi la kujitolea nchini Denmark lilianza kufuma pweza wadogo kwa ajili ya watoto njiti. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake hushikashika mirija ya chakula na hewa na kuivuta. Akipewa mnyiri wa pweza, anaushika huo. Wazo lilienea haraka Ulaya na kwingineko. Masharti yake ni makali, na inapasa yawe makali: uzi wa pamba tupu, ustahimili kufuliwa kwa nyuzi joto 60, mishono ibanane, na mnyiri ukinyooshwa usizidi sentimita 22 usije ukamzonga mtoto. Hapo huoni tena mchezo. Mshono mmoja ulioachia unaweza kudhuru, na mfumaji anajua.

Kwetu kroshia iliingia kupitia shule za misheni, madarasa ya sayansi kimu na vikundi vya akina mama, ikaota mizizi kiasi kwamba nyumba nyingi za Tanzania na Kenya zilikuwa na vitambaa vya kufuma mgongoni mwa makochi, juu ya redio, na baadaye juu ya televisheni. Msichana alivifuma akijiandaa kuolewa. Mama alivifuma akauza akalipa ada. Vitambaa hivyo vilidharauliwa baadaye kama mambo ya kizamani, na vijana wengi waliona aibu kuonekana na sindano. Sasa wamerudi. Masoko ya mtandaoni ya kazi za mikono kama Etsy, lililofunguliwa 2005, na mtandao wa wafumaji wa Ravelry wa mwaka 2007, vilifungua mlango. Simu za mkononi zikaingiza video za mafunzo hadi vyumbani. Na miezi ya korona mwaka 2020 iliwapa wengi muda wa kujaribu. Leo Dar es Salaam na Nairobi wapo wasichana kwa wavulana wanaofuma blauzi, mikoba, na twiga na simba wadogo wa kujazwa, wakiwauza kwa picha za WhatsApp na Instagram.

Tatizo lao ni bei. Mteja anaweka twiga wa kroshia karibu na dubu wa kiwandani aliyeingia kwa kontena, anauliza kwa nini huyu wa uzi ni ghali. Jibu lipo katika mishono 432 ya kichwa peke yake. Mdoli wa ukubwa wa kiganja humla fundi mzoefu saa kadhaa, na mkubwa humla siku. Ukiona duka kubwa linauza kroshia halisi kwa bei ya soda mbili, usishangilie. Mashine haikufuma; kwa hiyo kuna mtu mahali fulani ambaye saa zake zimelipwa karibu na bure, kama wale waliofuma kola za Paris huku viazi vikioza.

Kuna mfano mwingine, tena wa karibu. Njoro, karibu na Nakuru nchini Kenya, tangu 1998 wako wanawake wanaojulikana kama Kenana Knitters. Husokota sufu ya kondoo kwa mkono, huitia rangi kwa mimea, na kufuma tembo, viboko, nyani na pundamilia wanaouzwa ng'ambo. Wao hutumia zaidi sindano mbili badala ya kroshia, lakini njaa ya kazi na subira ya mikono ni ileile. Kila mnyama huondoka Njoro na kikaratasi kilichoandikwa jina la mwanamke aliyemfuma.

Nawaomba wafumaji wetu wafanye vivyo hivyo. Ukimaliza mdoli, kabla hujaupiga picha, shona kipande kidogo cha utepe chini ya mguu wake na uandike jina lako na mji wako. Uandike na saa ulizotumia kwenye daftari, kisha upange bei kwa saa hizo, si kwa huruma ya mteja. Na wewe unayenunua, kabla hujaomba kupunguziwa, muulize muuzaji nani ameufuma. Akikujibu kwa jina, lipa bei aliyoitaja.